Nyimbo za juu zinalia chini: kutafuta kasoro pale kigeuzi kimoja kinapolisha maeneo mengi

Simu ilitoka kwa bi mkubwa mmoja anayesimamia nyumba ya wageni Mji Mkongwe, Unguja. "Mwanangu, muziki wa juu unalia mapokezini, na wa mapokezi hausikiki popote. Wageni wanadhani nina harusi." Nikamwuliza kama kuna mtu amegusa kitu. Hakuna, akasema, kijana kafuta vumbi tu.

Kafuta vumbi tu! Nusu ya jibu nilikuwa nayo kabla sijafika.

Mfumo wenyewe ni wa kawaida. Kompyuta moja, kigeuzi kimoja cha USB chenye matundu manane ya kutolea sauti, amplifaya nne. Kigeuzi ni kile kisanduku ambacho wengi tunakiita kadi ya sauti ya nje: kinapokea tarakimu kutoka kwenye kompyuta na kuzifanya umeme ambao amplifaya inauelewa. Matundu 1 na 2 yanakwenda mapokezini, 3 na 4 ua wa ndani, 5 na 6 mgahawa wa juu, 7 na 8 ukumbi mdogo wa mikutano. Kila eneo lina muziki wake na ukubwa wake wa sauti, na bado kuna kompyuta moja tu ya kuangalia. Ni mpango mzuri na wa bei nafuu, lakini ukiharibika unaleta vituko ambavyo redio ya kawaida haiwezi kuvileta.

Kigeuzi hakijui mapokezi wala mgahawa. Kinajua chaneli ya kwanza hadi ya nane, basi. "Eneo" ni makubaliano yako wewe uliyefunga mfumo, na makubaliano hayo yameandikwa mahali panne: ndani ya programu inayocheza muziki, ndani ya mfumo endeshi wa kompyuta, nyuma ya kigeuzi, na kwenye nyaya zinazoingia amplifaya. Kila mahali pana hesabu yake. Kuna programu inayoanza kuhesabu na 0 wakati kisanduku kinaanza na 1. Kuna mfumo endeshi usiotumia namba kabisa, unatumia majina ya spika za sinema. Kasoro nyingi nilizokutana nazo zimejificha pale hesabu moja inapokabidhi kazi kwa nyingine, kwa hiyo ndipo ninapoanzia kutafuta, kabla hata sijatoa bisibisi mfukoni.

Kwanza, sauti inayojitaja

Punguza amplifaya zote hadi chini kabisa. Chukua simu, rekodi sauti yako ukitamka "moja", kisha "mbili", mpaka "nane", kila namba faili lake. Ziweke kwenye programu yenye uwezo wa chaneli nyingi, REAPER au Ardour zinafaa, na uelekeze kila namba kwenye chaneli yake ya kutokea. Zicheze kwa mzunguko usiokoma. Sasa pandisha amplifaya kidogo, chukua karatasi na kalamu, uizunguke nyumba.

Hakuna kipimo kinachonipa faida kubwa kwa dakika kumi kuliko hiki. Ukifika mgahawani ukasikia "moja, mbili" badala ya "tano, sita", tayari unajua kilichohama na kilikohamia. Ukisikia "tano" peke yake, "sita" imekatika njiani. Ukisikia "tano" na "tatu" kwa pamoja, kuna mahali chaneli mbili zimechanganyika. Muziki wa kawaida hautakwambia lolote kati ya hayo, kwa sababu nyimbo zinafanana pande zote na sikio linajidanganya. Kwenye Linux kuna amri ya `speaker-test -c 8 -t wav` inayofanya kazi kama hiyo, ila inataja majina ya spika kwa Kiingereza, na hayo majina yenyewe ndiyo mtego, kama utakavyoona.

Kisha gawa njia katikati. Katikati ni matundu ya nyuma ya kigeuzi. Chukua spika ndogo yenye amplifaya yake ndani, ichomeke moja kwa moja kwenye tundu unalolishuku. Sauti ikitoka sahihi hapo, achana na kompyuta, shida iko mbele: waya, amplifaya au spika. Ikitoka vibaya hapo hapo, usiguse waya hata mmoja, shida iko nyuma. Nimeona fundi akilehemu upya pini kumi na sita za nyaya zisizo na kosa lolote kwa sababu aliruka hatua hii.

Kwa bi mkubwa, matundu yalitoa sauti sawasawa. Kijana alichomoa jeki ili apate kufuta nyuma ya kisanduku, akazirudisha kwa namna alivyokumbuka. Jeki nane zote nyeusi, zote sawa. Ungekuwa wewe ungezikumbuka?

Kompyuta inaona chaneli mbili tu

Dalili: mapokezi yanalia, maeneo mengine kimya. Kwenye mipangilio ya sauti kifaa kinaonekana, lakini kama spika mbili za kawaida.

Kwenye Windows, sababu ya kwanza ni kwamba mfumo huchukulia kifaa kuwa cha spika mbili mpaka uuambie vinginevyo. Fungua mipangilio ya kifaa cha kutolea sauti, chagua mpangilio wa spika 7.1, uone kama chaneli nane zimefunguka. Sababu ya pili ni drayva, ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa. Windows 10 ilianza mwaka 2017, toleo la 1703, kuvitambua yenyewe vigeuzi vinavyofuata kanuni ya pili ya sauti kwa USB. Kompyuta ya zamani kuliko hapo inahitaji drayva ya mtengenezaji, la sivyo kisanduku kinaweza kukosekana kabisa. Vigeuzi vingine vikiwekewa drayva yake vinajitokeza kama vifaa vinne tofauti, 1-2, 3-4, 5-6 na 7-8. Hilo likitokea umepata bahati: Windows 10 tangu toleo la 1803 la mwaka 2018 inakuruhusu kuipangia kila programu kifaa chake cha kutokea, kwa hiyo kicheza muziki cha ua kinaelekezwa 3-4 na cha mgahawa 5-6 bila kununua programu yoyote.

Kwenye Mac chaneli zote nane huwa zinaonekana tangu mwanzo, ila sauti ya mfumo huenda kwenye jozi ya kwanza. Fungua Audio MIDI Setup uhakikishe zipo, kisha programu yako ndiyo ichague jozi. Programu isiyo na mahali pa kuchagua jozi haitakusaidia hata uibembeleze.

Kwenye Linux yenye PipeWire, programu inayogawa sauti ndani ya mfumo, badilisha wasifu wa kifaa uwe ule unaoitwa Pro Audio. Hapo majina ya spika yanatoweka, zinabaki namba tupu, na huo ndio uungwana tunaoutafuta.

Ua wa ndani unatoa besi tu

Hii ndiyo kasoro inayowatoa watu jasho, kwa hiyo nitakaa nayo.

Dalili huwa za ajabu: upande wa kulia wa ua unavuma besi bila maneno, upande wa kushoto una sauti nyembamba ya katikati au haulii kabisa. Mwenye nyumba anasema spika zimekufa. Unabadilisha spika, hali ile ile. Unabadilisha amplifaya, hali ile ile.

Sababu ni sinema. Uliposema "7.1" ili chaneli nane zifunguke, uliiambia Windows kwamba una ukumbi wa kutazamia filamu, na ikazipa chaneli zako kazi za filamu kwa mpangilio huu: ya 1 mbele kushoto, ya 2 mbele kulia, ya 3 katikati, ya 4 besi ya chini, ya 5 nyuma kushoto, ya 6 nyuma kulia, ya 7 ubavu wa kushoto, ya 8 ubavu wa kulia. Ua wako uko kwenye 3 na 4. Kwa hiyo kushoto unapata sauti ya katikati, ambayo kwenye filamu ni ya mazungumzo, na kulia unapata chaneli ya besi, ambayo baadhi ya drayva na programu huchuja kila kitu isipokuwa mngurumo. Spika zako ni nzima, zimepewa kazi isiyo yao tu.

Sasa ongeza utamu. Hamisha kisanduku hicho hicho kwenye Linux bila kugusa waya. Mpangilio wa kawaida wa ALSA, sehemu ya Linux inayoshughulikia sauti, kwa chaneli nane ni mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia, katikati, besi, kisha mbavu mbili. Besi imehamia ya 6, katikati imehamia ya 5. Ua umepona, mgahawa wa juu umeugua. Fundi asiyejua hili ataapa kwamba nyumba ina mashetani, na Mji Mkongwe hakosi wa kumwunga mkono.

Dawa ni kukwepa majina ya spika kabisa. Kwenye Windows tumia programu inayozungumza na kigeuzi kwa ASIO, njia iliyobuniwa na Steinberg mwaka 1997, ambayo inakupa chaneli kwa namba zake bila kupitia kwenye ukumbi wa sinema. Tahadhari moja: drayva nyingi za ASIO hukubali programu moja tu kwa wakati mmoja. Ukifungua ya pili, kimya. Kwa hiyo vicheza muziki vyote vinne viwe ndani ya programu moja yenye nyimbo na njia nyingi za kutolea sauti. Kwenye Linux ni ule wasifu wa Pro Audio niliousema. Na kama umelazimika kubaki na 7.1 kwa sababu yoyote, zima viboreshaji vya sauti na usimamizi wa besi mahali popote utakapoviona, uzime pia kile kipengele kinachojaza spika zote kwa muziki wa chaneli mbili, kwa maana hicho ndicho kinachopenyeza muziki wa mapokezi kila pembe ya nyumba.

Kuna ndugu mdogo wa kasoro hii kwa wanaotumia kebo nene ya pini 25 inayotoa chaneli nane kwa mkupuo. Kuna mipangilio miwili ya pini inayotumika, ule wa TASCAM na ule wa Yamaha, na plagi zinaingiana bila kulalamika. Sauti zikitoka zimechanganyika kwa namna isiyofuata mantiki yoyote, angalia kebo imetengenezwa kwa mpangilio upi.

Fidla zinasikika, mwimbaji hayupo

Bwana mmoja alinipigia akasema taarabu yake imekuwa ya ala tupu. Kanuni ipo, fidla zipo, udi kwa mbali, lakini mwimbaji amebaki mwangwi kama anayeimbia kisimani.

Nikamwuliza, umechukua sauti kutoka tundu la hedifoni? Ndiyo. Kwa waya wa jeki yenye pete mbili nyeusi kila ncha? Ndiyo. Basi.

Jeki ile ina sehemu tatu: ncha, pete na shina. Kwenye tundu la hedifoni, ncha ni kushoto, pete ni kulia. Kwenye tundu la kuingizia sauti la amplifaya ya kazi, au miksa, ncha ni waya moto, pete ni waya baridi, na kifaa kinachukua tofauti ya hizo mbili: moto kutoa baridi. Kwa hiyo umekiambia kitoe kulia kutoka kushoto. Mwimbaji, ambaye karibu kila rekodi humweka katikati, yuko sawa pande zote mbili. Sawa kutoa sawa ni sifuri. Kanuni na fidla, zilizo pembeni, zinabaki. Dawa ni waya unaogawa kushoto na kulia kwenye jeki mbili tofauti, au kuchukua sauti kwenye matundu makuu ya kigeuzi, kila chaneli na waya wake.

Ikiwa mwimbaji yupo lakini besi imekonda, na inarudi ukisimama karibu kabisa na spika moja, hapo angalia chanya na hasi za spika. Moja imefungwa kinyume. Inasukuma hewa wakati mwenzake anavuta.

Na eneo lenye spika moja tu, kama ngazi au choo cha wageni? Watu hulipelekea chaneli ya kushoto peke yake, kisha wanashangaa nusu ya ala haisikiki kwenye rekodi za zamani. Changanya kushoto na kulia ndani ya programu, ukipunguza kila upande desibeli 6, utoe kwenye chaneli moja. Usizifunge kwa waya wa panda. Tundu moja la kutolea linaweza kulisha amplifaya mbili bila shida, lakini matundu mawili ya kutolea hayaunganishwi moja kwa moja, kila moja litapigana na mwenzake. Ukilazimika, weka rezista kwenye kila mkono, kati ya omu 470 na 1,000.

Mvumo

Sikiliza sauti yake kwanza. Mvumo mzito usiobadilika ni wa herzi 50, umeme wetu huo. Mkali zaidi, wenye meno, ni 100 na jamaa zake.

Ukiwa na amplifaya nne kwenye soketi nne za vyumba tofauti, zote zikikutana kwenye kigeuzi kimoja, umejenga duara la ardhi: mkondo mdogo unazunguka kwenye ngao za nyaya za sauti na unasikika. Chomoa chaja ya kompyuta, itumie betri. Mvumo ukiisha, umepata mlango wake. Usipoisha, chomoa nyaya za sauti za amplifaya moja moja mpaka ule unaoufanya mfumo wote unyamaze. Huo ndio utakaowekewa transfoma ya kutenganisha. Ikiwa kigeuzi kina matundu ya waya moto na baridi, tumia waya wa kanoni (XLR) au jeki ya pete njia nzima, na mara nyingi hata transfoma haitahitajika.

Kitu kimoja usikifanye: kukata pini ya ardhi kwenye plagi ya umeme. Ni kweli mvumo utaisha. Pia siku fezi itakapogusa kasha la amplifaya, kasha litamsubiri mtu wa kuligusa.

Tik, tik, na mikatiko

Swali la kwanza: inakatika kila mahali kwa wakati mmoja au eneo moja tu? Zote kwa pamoja, shida iko kwenye kompyuta au USB. Eneo moja, rudi kwenye waya na amplifaya.

Kwa zote: ongeza bafa, yaani akiba ya sampuli za sauti ambayo kompyuta huiandaa kabla ya kuicheza. Kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, bafa ya 128 ni milisekunde 2.7, ya 1,024 ni milisekunde 21. Anayerekodi gitaa anahitaji ile ndogo. Mgahawa hauhitaji, hakuna mteja atakayejua kwamba wimbo umechelewa sehemu ya hamsini ya sekunde kuanza. Weka kubwa ulale. Kisha zima ile tabia ya kompyuta kuzima umeme wa USB ili kubana matumizi, ondoa vigawanyaji vya USB visivyo na umeme wake, na kebo yenyewe isizidi mita 5, kwani huo ndio ukomo wa USB 2.0.

Tiki zinazokuja kwa mpangilio, kila sekunde chache kama saa ya ukutani, ni habari nyingine. Hizo ni za saa za kidijitali. Ukiunganisha kisanduku cha pili kwa waya wa mwanga ili upate chaneli nane zaidi, vifaa viwili vina saa mbili, na saa mbili hazilingani milele. Mmoja lazima awe kiongozi, mwengine amfuate: weka cha pili kichukue saa kutoka kwenye ule waya wa mwanga.

Na chaneli 5 hadi 8 za kisanduku hicho zikitoweka ghafla, angalia kasi ya sampuli kabla ya kulaumu waya. Njia ya ADAT, ndiyo hiyo ya waya wa mwanga, hupitisha chaneli nane kwa 48,000. Ukipanda 96,000 zinabaki nne. Mtu amepandisha kasi akidhani anaongeza utamu, amefuta nusu ya nyumba.

Mwangwi kati ya eneo na eneo

Maeneo yanayocheza nyimbo tofauti hayana shida hii. Yanayocheza kitu kimoja, mfano hotuba au mechi, ndiyo.

Sauti husafiri kama mita 349 kwa sekunde kwenye joto la nyuzi 30, yaani karibu milisekunde 2.9 kwa kila mita. Mgeni aliyekaa hatua chache kutoka spika ya mgahawa anasikia pia spika ya ua iliyo mita 20 zaidi, imechelewa milisekunde 57. Mjerumani Helmut Haas alionyesha mwaka 1949 kwamba sikio huunganisha sauti mbili zikipishana kwa hadi milisekunde 30 hivi na kuzisikia kama moja. Ikizidi hapo, maneno yanaanza kujirudia. Ikiwa spika za ua ndizo kubwa na za mgahawa ni za kusaidia, icheleweshe ile chaneli ya kusaidia kwa umbali mara 2.9, ongeza kama milisekunde 10 ili sikio liendelee kuamini kwamba sauti inatoka kwenye spika kubwa. Programu nyingi za chaneli nyingi zina kipengele hicho.

Kuta za mawe ya matumbawe husaidia sana hapa, ni nene na zinanyamazisha chumba na chumba. Juu ya paa hakuna ukuta, na shida ndiyo iliko.

Ukikuta mwangwi mkubwa kupita hesabu hiyo, uliza kama kuna eneo limeunganishwa kwa Bluetooth. Huchelewa milisekunde 100 hadi 200, wakati mwingine zaidi. Haichanganyiki na waya kwenye sauti moja. Nimekwisha kujaribu, usipoteze Jumamosi yako.

Eneo moja dogo, jingine linapasuka

Vifaa vya kazi hupokea wastani wa volti 1.23, vya nyumbani volti 0.316. Tofauti ni kama desibeli 12. Kigeuzi chenye swichi ya +4 (kiwango cha kazi) na −10 (cha nyumbani) kikiwa kwenye +4 kinaisakama amplifaya ya nyumbani, na kikiwa kwenye −10 amplifaya ya kazi inalalamika njaa. Maeneo manne yenye amplifaya mchanganyiko yanahitaji kila jozi iwekwe kivyake.

Kwa spika za dari za laini ya volti 100, ambazo kila moja ina transfoma yenye viwango vya wati vya kuchagua, tunavyoviita mabomba, hesabu wati. Spika 14 zilizofungwa kwenye bomba la wati 6 ni wati 84. Amplifaya ya wati 60 itachemka na kujizima kila baada ya nusu saa, na kila mtu atasema ni joto la Unguja. Zihamishie bomba la wati 3 zifike 42, ubaki chini ya asilimia themanini ya uwezo.

Ukipunguza juu, na chini kunapungua

Wakati wa adhana muziki wa paa unapaswa kunyamaza, na nyumba nyingi hunyamazisha. Lakini mhudumu akishusha sauti kuu ya kompyuta, ameshusha mapokezi, ua na ukumbini anapotoa mtu hotuba. Si kasoro ya kifaa, mkono umegusa pasipo pake. Mpe mhudumu kitufe cha chaneli 5 na 6 peke yake, au kirahisi zaidi, mwonyeshe kitasa cha amplifaya ya juu na umfichie kompyuta.

Inakuja na kuondoka

Ukanda wa pwani una adui asiyeandikwa kwenye kijitabu chochote cha maelekezo: hewa ya chumvi. Jeki iliyokaa miezi sita bila kuchomolewa inaota ukungu wa kijani, chaneli inakwaruza, inapotea, inarudi mlango ukibamizwa. Zungusha jeki ndani ya tundu mara chache. Sauti ikirudi, ichomoe, isafishe kwa spiriti au dawa ya viunganishi, acha ikauke. Ufumbuzi huu wa kuzungusha unadumu wiki, kusafisha kunadumu msimu. Na kama waya umepita darini, mulika tochi uone meno ya panya kabla ya kufungua amplifaya.

Baada ya umeme kurudi

Kompyuta imewaka haraka kuliko kigeuzi, haikukikuta, ikachagua spika yake yenyewe. Kila kitu kinaonekana kinacheza, nyumba kimya. Zima programu, hakikisha kigeuzi kimewaka, chagua kifaa upya, fungua programu. Washa amplifaya mwisho, na siku ya kuzima zitangulie, la sivyo mshindo wa kigeuzi kinapoamka utapita moja kwa moja kwenye spika.

Kwa bi mkubwa niliweka betri ndogo ya akiba kwa kompyuta na kigeuzi tu. Kisha nikakata utepe wa rangi nne, nikaufunga kwenye kila jeki na pembeni mwa kila tundu: nyekundu kwa nyekundu, bluu kwa bluu. Kijana anafuta vumbi kila Ijumaa asubuhi, na mpaka leo bi mkubwa hajanipigia simu.